Moto wa Juu, Moto wa Chini: Nilivyoitengeneza Oveni Yangu

Keki ikiungua juu na kubaki uji chini, usiulaumu unga wala mayai. Mimi naoka kwa kuuza hapa Tanga: keki za harusi, skonzi za asubuhi, mikate ya mayai Ramadhani ikiingia. Jiko langu ni hili la kawaida ambalo wengi tunalo, gesi juu, oveni ya umeme chini. Lilipoanza kunitolea keki za namna hiyo nikaita fundi. Akafungua mlango, akachungulia, akafunga.

"Mama, hili lishajichokea. Tafuta jingine tu."

Bisibisi hakuitoa hata mfukoni. Nikampa nauli yake, nikabaki na jiko langu na oda za watu.

Aliyewahi kupika mkate wa kumimina kwa makaa anaijua oveni, hata kama hajawahi kuimiliki. Moto chini ya sufuria, na makaa mengine yamepaliwa juu ya kifuniko. Chini kukipoa, mkate haupandi. Juu kukipoa, hauchukui rangi. Oveni ya umeme ni hayo hayo, ila makaa yake ni koili mbili, moja darini na nyingine imejificha chini ya bati la sakafu. Kwa hiyo keki yenyewe ilikuwa imeshaniambia pa kuanzia: makaa ya chini hayawaki.

Kabla ya kufungua chochote, kuna jambo moja linalowatia watu hasara ya bure. Jirani yangu aliwahi kuniambia oveni yake imekufa ghafla baada ya umeme kukatika. Nikaenda kuiona. Saa ya pale mbele ilikuwa inawakawaka sifuri tupu. Oveni nyingi za saa ya namba haziwaki mpaka uirekebishe saa au ubonyeze kitufe chenye alama ya mkono. Zile za saa ya kuzungusha nazo zina alama hiyo hiyo ya mkono. Kinobu chake, kile cha kuzungusha, kikibaki kwenye sifuri, umeme haupiti hata ugeuze swichi nyingine zote. Tulirekebisha saa tukiwa tumesimama, na chai tukanywa.

Yangu haikuwa hivyo. Niliweka swichi kwenye alama ya moto wa chini peke yake, nikaiacha dakika kumi, nikafungua na kupitisha kiganja juu ya sakafu bila kugusa. Baridi. Nikahamia moto wa juu, koili ikawa nyekundu mara moja. Na wakati wote huo kile kitaa chekundu cha mbele kilikuwa kinawaka kama kawaida. Hicho ndicho kinachowadanganya wengi. Kitaa kinasema tu kwamba themostati, yaani kidhibiti joto, inaomba moto. Kama moto umekuja au haukuja, hakijui.

Nilichomoa plagi. Sikuzima tu swichi ya ukutani, nimechomoa na kuiweka plagi pale ninapoiona, maana nyumba yangu ina watoto na mtoto hupenda kuwasha vitu. Mtungi wa gesi nikaufunga na kuutenga, ndipo tukalivuta jiko kutoka ukutani. Bati la nyuma linashikwa na skrubu nyingi ndogo, na sisi wa pwani tunajua chumvi ya hewani inavyozila. Mbili ziligoma kabisa. Nilizipaka mafuta ya kulegezea kutu jioni, asubuhi zikazunguka. Ukilazimisha skrubu iliyoshika kutu utaivunja kichwa, na hapo kazi ya nusu saa inageuka kazi ya drili. Ndani kuna pamba ya kioo inayozuia joto. Inawasha vibaya, vaa glavu na mikono mirefu.

Nilipiga picha kwa simu kabla ya kugusa waya wowote. Kisha nikazivuta zile waya mbili zilizochomekwa kwenye ncha za koili ya chini. Moja ilitoka vizuri. Nyingine kichwa chake kilikuwa cheusi, kimekaukiana, plastiki yake imekuwa ngumu na kuvunjika kama ganda la yai. Nikazibana waya zote mbili kwa vibanio vya nguo ili zisirudi ndani ya pamba, maana zikizama huko utazitafuta kwa tochi.

Mita ya kupimia umeme niliyonayo ni ile ya rangi ya njano ya bei rahisi, na kwa kazi hii inatosha sana. Unaiweka upande wa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, unagusisha ncha zake mbili kwenye ncha mbili za koili. Hesabu yake si ngumu: chukua volti 230, zizidishe kwa 230, ugawe kwa wati zilizoandikwa kwenye koili. Yangu imechongwa wati 1,200, kwa hiyo koili nzima ingesoma omu 44 au karibu na hapo. Mita haikusoma kitu. Waya wa ndani umekatika. Nikapima ya juu kuhakikisha, ya wati 1,000, ikasoma 53. Basi, jiko lililojichokea lilikuwa na ugonjwa wa kitu kimoja.

Niliibeba koili yenyewe mpaka Ngamiani, hapa hapa Tanga, kwenye moja ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, kwa mzee mmoja anayeuza spea za majiko na pasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea jina la jiko au umeniletea koili?"

"Koili hii hapa."

"Sasa tunaongea."

Aliipima urefu kwa kamba, akatazama umbali kati ya matundu mawili ya skrubu, akageuza kusoma wati. Alinieleza kwamba chapa ya jiko haina maana sana, koili ya kampuni nyingine hukaa vizuri mradi umbo, matundu na wati vimelingana. Wati zikizidi, waya na swichi zilizopangiwa mzigo mdogo zitachemka. Ikanigharimu elfu ishirini na kitu, pamoja na vichwa vipya vya waya. Nilipotaka kununua na kipande cha waya akanizuia nisichukue wa kawaida. Waya wa nyumba wenye ganda la plastiki umetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70 hivi, na nyuma ya oveni ni moto zaidi ya hapo. Unatakiwa ule wenye ganda la silikoni au la kusokotwa kwa nyuzi za kioo. Nadhani ndiyo maana kile kichwa cha kwanza kiliungua: aliyewahi kulitengeneza jiko hilo kabla halijanifikia aliunga waya wa taa.

Kufunga kulikuwa kwepesi kuliko kufungua. Vichwa vipya nilivibana kwa plaizi mpaka ukivuta havitoki, kwa sababu kiungo kilicholegea ndicho kinachochemka na kuunguza. Nikarudisha bati, nikachomeka, nikawasha.

Breka kuu ikakata. Nyumba nzima giza.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kijana mmoja wa jirani, ana nia njema, akasema dawa ni kukata ule waya wa kijani na njano kwenye plagi na breka haitakata tena. Ni kweli haitakata. Lakini waya huo ndio unaoupeleka ardhini umeme uliovuja. Ukiutoa, umeme unabaki kwenye bati la jiko ukimsubiri mtu wa kuligusa, pengine aliyetoka kuosha vyombo akiwa peku. Nikamwambia, "Mwanangu, breka imefanya kazi yake. Tutafute kwa nini."

Koili ni bomba la chuma. Katikati mna waya mwembamba unaotoa joto, na kati ya waya na bomba pamejazwa unga mweupe wa oksidi ya magnesi. Unga huo unazuia umeme usiguse bomba, lakini una tabia ya kunywa unyevu. Koili ikikaa dukani muda mrefu, na hewa yetu hii ya masika, unga unalowa na umeme unavujia kwenye bomba. Nilichomoa tena, nikapima kati ya ncha moja na bomba la nje. Mita ikasoma, na haikutakiwa kusoma kitu chochote. Kwa hiyo nikaichukua koili mpya, nikaipeleka kwa wifi yangu, tukaiweka ndani ya oveni yake kwa nyuzi 120 mchana mzima. Wifi alicheka sana, koili ya oveni kuokwa ndani ya oveni. Ilipopoa nikapima tena, mita kimya. Nikaifunga, breka ikatulia. Ingeendelea kusoma ningeirudisha dukani, hiyo ingekuwa mbovu ya kweli. Na jiko lililokaa miezi bila kutumika linaweza kufanya hivyo hivyo hata kama koili ni ya zamani.

Mara ya kwanza koili mpya hutoa moshi na harufu. Iache iwake tupu nusu saa, madirisha wazi, ndipo uweke chakula.

Moto wa chini ukarudi, ila keki sasa zikawa zinakauka kingo. Nikashuku kipimo cha joto. Kipima joto cha kuweka ndani ya oveni sikuwa nacho, nikatumia sukari. Sukari nyeupe huyeyuka kwenye nyuzi 186. Unaweka kijiko kwenye karatasi ya foili, unaisubiri oveni ipate joto la 175 kwa alama ya kinobu, unaiingiza kwa robo saa. Inatakiwa itoke nyeupe vile vile. Yangu ilitoka imekuwa kidimbwi cha rangi ya asali. Maana yake nilipoweka 175 oveni ilikuwa inapita 186.

Nikatafuta kijiti cha themostati. Ni kifimbo cha shaba kinene kidogo kama penseli, kimefungwa kwa vibanio ndani ya oveni, ukutani upande wa nyuma, na kimeunganishwa na kinobu cha mbele kwa mrija mwembamba. Mafuta ya ndani yake yakipata joto yanatanuka na kukata umeme. Changu kilikuwa kimechomoka kwenye vibanio, kimeuegemea ukuta wa nyuma ulio baridi kuliko hewa ya katikati, basi kikawa kinaomba moto zaidi. Nilikirudisha, nikafuta ukoko wa mafuta ya kuku uliokizunguka, taratibu bila kuukunja mrija, kwa sababu mrija ukivunjika yale mafuta yanatoka na oveni haikati moto kabisa. Nikarudia sukari: kwa 175 ikatoka kavu, kwa 190 ikayeyuka. Themostati mpya sikununua.

Mpira wa mlango niliupima kwa karatasi. Unafungia kipande cha karatasi mlangoni, unavuta. Kikitoka bila kukaza, joto linatoka hapo. Kwangu pembe ya juu kulia ilikuwa imelegea na ndiyo maana kinobu cha upande huo kilikuwa kinachoma vidole. Mpira wenyewe hunasa kwa vindoano vidogo kwenye pembe, unabadilishwa kwa mkono mtupu. Usibandike gundi ya silikoni ya madirisha, haikutengenezwa kwa joto hilo.

Jambo lililonisumbua muda mrefu kuliko yote halikuwa kwenye jiko. Keki za asubuhi zilikuwa sawa, za jioni zilichukua muda kupata moto. Kwenye friji nina ile friji gadi, kifaa cha kuilinda na umeme mbaya, yenye namba nyekundu za volti, na siku moja nikaitazama saa moja usiku: 190. Koili haipungui nguvu sawasawa na volti, inapungua zaidi. Kwa volti 190 koili ya wati 1,200 inatoa kama wati 820 tu. Hakuna spea ya hilo. Nimehamishia oda kubwa alfajiri, baada ya swala, na jioni naipa oveni muda wa kutosha kupata joto kabla ya kuingiza trei.

Plagi nayo iangalie. Yenye fyuzi ya ampea 13 inabeba kama wati 3,000, na oveni ikiwaka juu na chini pamoja na grili inasogelea huko. Ukiona soketi imegeuka kahawia, au plagi inachoma ukiigusa, ondoa ekstensheni kabisa, na soketi umwite fundi wa umeme wa kweli. Hiyo siigusi mimi.

Wenye oveni ya gesi tatizo kubwa linakuwa jingine: unawasha, moto unashika, ukiachia kinobu unazimika. Karibu na mwale kuna kijiti kinachoitwa themokapo, ndicho kinachoruhusu gesi ipite kikiwa cha moto. Mara nyingi kimepakaa masizi tu au kimesogea mbali na mwale. Kisugue kwa sandpepa laini, kirudishe mwale uilambe ncha yake, na moto ukizimika kwa kuachia kinobu kabla kijiti hakijapata joto usishangae, shikilia kidogo. Ukigusa kiungo chochote cha gesi, kipake maji ya sabuni baada ya kufunga. Povu likitoka, funga mtungi na ufungue milango, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na inalala sakafuni.

Kwangu imebaki taa ya ndani. Inahitaji balbu ndogo ya kuvumilia nyuzi 300, na duka la mtaani lina za kawaida tu ambazo zitapasuka. Mzee wa Ngamiani ameahidi kuniagizia. Mpaka zije, namulika keki kwa tochi ya simu.