Kuhara damu kumeisha? Sasa chunga mkojo

Mtoto ameharisha damu siku nne, ya tano choo kimetengemaa na nyumba nzima inashusha pumzi. Wiki hiyo inayofuata ndiyo ya kuogopwa. Kwa watoto wachache, hasa walio chini ya miaka 5, figo huanza kufeli tumbo likishatulia. Hali hiyo huitwa HUS.

Chanzo chake kikuu ni bakteria E. coli aina ya O157:H7, inayokaa matumboni mwa ng'ombe bila kuwadhuru. Hutoa sumu ya Shiga, na bakteria mwingine wa kuhara damu, Shigella dysenteriae aina ya 1, hutoa sumu hiyo hiyo. Sumu ikiingia kwenye damu hujeruhi kuta za mishipa midogo ya figo. Damu huganda humo, chembe sahani (zinazogandisha damu) hupungua, na chembe nyekundu zikijipenyeza hapo hukatikakatika. Ndiyo sababu viganja na midomo hupauka, michubuko hutokea bila kuanguka, uso huvimba, na mkojo huadimika.

Mkojo unapimika. Chini ya mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa saa ni hatari: kwa mtoto wa kilo 10 hiyo ni mililita 120 kwa siku nzima, kama nusu kikombe cha chai. Nepi iliyokauka tangu asubuhi hadi jioni haihitaji kikokotoo. Nenda hospitali, hata usiku.

Makosa mengi huanzia duka la dawa. Loperamide, dawa ya kuzuia kuhara, hulaza utumbo na sumu ikabaki ndani. Ibuprofen, dawa ya maumivu na homa, huipunguzia figo damu. Antibayotiki ni kitendawili: Shigella inazihitaji, lakini kwa O157 baadhi yake zaweza kuongeza sumu, na kwa macho huwezi kutofautisha choo cha hii na cha ile. Uamuzi huo ni wa kliniki, ikiwezekana choo kipimwe kabla ya dozi ya kwanza.

ORS, maji ya chumvi na sukari ya pakiti, mpe maadamu anakojoa: mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha akiwa chini ya miaka 2, 100 hadi 200 akizidi hapo. Soma pakiti, maana nyingine ni ya nusu lita. Mkojo ukikatika, usimshindilie maji wala ndizi. Maji hujaa mapafuni, na potasiamu iliyomo kwenye ndizi husimamisha moyo.

Hospitalini ulizia hesabu kamili ya damu, kreatinini (kipimo cha kazi ya figo), potasiamu na presha. Takriban nusu ya wagonjwa wa HUS huhitaji dayalisisi, yaani kusafishwa damu badala ya figo, na kwa wadogo yaweza kufanywa kupitia tumbo.

Kuhusu mutura ya jioni pale steji, yaani utumbo uliojazwa nyama ya kusaga: nyama ya kusaga huchanganya vijidudu vya juu hadi katikati, kwa hiyo katikati lazima ifike nyuzi 71 za Selsiasi. Mala, maziwa ya mgando, nayo isikudanganye. O157 huvumilia uchachu. Maziwa yachemshwe kabla ya kugandishwa.

Aliyepona apimwe presha na protini ya mkojo kila mwaka, kwa miaka 5 angalau.