Mji uliozama na chumvi yake

Leo mvua imenikuta Magomeni, daladala imegoma kusogea, Jangwani maji yamekata barabara, tumekaa humo saa nzima. Kaka wa pembeni anaangalia video, na mimi macho yangu (mnanijua) yakahamia kwenye simu yake.

Akaamua tu kunionesha.

Mji unaitwa Villa Epecuén, uko Argentina. Ulianza 1921 pembeni ya ziwa lenye chumvi kushinda bahari, watu wanatoka Buenos Aires na treni kuja kuoga maana yale maji ya madini yalisifika kwa baridi yabisi na magonjwa ya ngozi, mahoteli yakajaa, raha tupu.

Novemba 1985 ziwa likavunja tuta. Maji yakapanda mdogo mdogo, watu wakawahi kubeba vyombo wakahama, mji ukakaa chini ya maji miaka zaidi ya 20.

Yalipoanza kushuka, miti ikaonekana bado imesimama. Imekufa, mikavu, myeupe pee kwa chumvi.

Hiyo miti jamani. Hainitoki kichwani.

Mama mmoja siti ya nyuma akasema, "Sisi mafuriko ya 2011 yalitutoa hapa hapa Jangwani tukapelekwa Mabwepande, nikarudi siku moja kuangalia mlango wangu tu."

Gari zima kimya. Hadi konda kaacha kudai nauli.

Nyie mna sehemu mlikaa ikaja kufutika? Nipeni stori, bado niko kwenye foleni.