Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya mratibu wa okestra ya mtaa, Moshi

Saa 12:20 asubuhi

Chai haijachemka, simu imeshaita. Mzazi kaandika: "Mwl habari za asubuhi, kijana leo ana tuisheni ya hesabu hadi saa 7, atachelewa." Namjibu hakuna shida, kwa sababu nilishazoea. Ratiba ya muziki wa vijana hapa Moshi hupangwa na watu wasiojua nota hata moja. Asubuhi kuna watoto walioko madrasa. Wasabato Jumamosi hawaji kabisa, hao nina kundi lao Jumatano jioni. Kidato cha nne wana tuisheni, na tuisheni haishindwi na chochote. Bado misiba na harusi.

Kwenye karatasi mimi ni mratibu. Kwa vitendo ni mtunza stoo, mwalimu wa violini kwa wanaoanza, na mpatanishi wa wazazi. Okestra yetu ni ya watu wanaopiga kwa mapenzi yao: nesi, mhasibu, fundi umeme, walimu, wazee waliokulia kwenye matarumbeta ya kanisani, na vijana wa shule. Muziki umo kwenye mitihani ya kidato cha nne, ila shule zinazoufundisha ni chache, na zenye violini ni chache zaidi. Kwa hiyo anayetaka huja kwetu.

Saa 2:00 asubuhi

Nafungua stoo. Kila ala ina namba, na daftari linaonyesha iko kwa nani, mzazi gani alisaini, na ilirudi na hali gani. Watu wakija kututembelea huuliza kuhusu tamasha. Mimi ningewaonyesha daftari hili. Mtoto asiye na violini nyumbani hupiga mara moja kwa wiki, na mara moja kwa wiki hakuna anachojifunza zaidi ya kusahau. Tukimwazima, anapiga kila jioni, majirani wanalalamika, mambo yanakwenda.

Mama mmoja wa Pasua yupo mlangoni na violini ya robo tatu imefungwa kwenye kanga.

"Shikamoo mwalimu. Hii kitu imekufa. Haitoi sauti, na ndani kuna kitu kinagonga."

"Marahaba mama. Nani alilegeza nyuzi?"

Kumbe kaka mtu alitaka kuzisafisha, akazilegeza zote nne kwa pamoja. Daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, likaanguka, na kijiti cha ndani nacho kikaanguka. Kile kijiti hakina gundi. Kinasimama kati ya ubao wa juu na wa chini, karibu na mguu wa daraja upande wa uzi mwembamba, kimebanwa tu na mgandamizo wa nyuzi. Ndicho kinachopeleka mtetemo hadi mgongoni mwa ala, na bila chenyewe sauti inakuwa ya debe. Kukirudisha unakichoma kwenye ncha ya chuma chenye umbo la S, unakipitisha kwenye tundu la pembeni, halafu unaanza kubembeleza. Chuma changu nilikikunja kutoka spoku ya baiskeli. Kijiti kilianguka, nikakitikisa kikatoka, nikakichoma tena, kikaanguka tena. Mama kakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, ananitazama kama daktari wa upasuaji. Kiliposimama wima nikafunga daraja, nikakaza nyuzi kidogo kidogo, moja baada ya nyingine. Kwenye daftari nikaandika kwa wino mwekundu: uzi mmoja mmoja, kamwe zote pamoja.

Nyuzi zenyewe ndiyo gharama inayoniumiza kichwa. Kule Kinshasa, okestra aliyoianzisha Armand Diangienda mwaka 1994, yeye aliyekuwa rubani, ilijulikana pia kwa kutumia waya wa breki za baiskeli nyuzi zilipokosekana. Sisi hatujafika huko, ila kila nikipita kwa mafundi baiskeli naangalia waya zao kwa jicho la kitaalamu.

Saa 4:00 asubuhi

Darasa la wanaoanza. Wengi wametoka kwaya za watoto, na hapo ndipo tunapoanzia. Mtoto wa kwaya ya Moshi anajua solfa kabla hajajua jedwali la saba. Ukimwandikia d r m ubaoni anaimba palepale, na ukimpa sauti ya pili anaishika bila kuyumba hata wa kwanza wakimpigia kelele sikioni. Masikio yameshaiva. Macho ndiyo yanachelewa, maana nota za mistari mitano ni kitu kipya kwao. Wapo walimu wanaosema solfa iachwe ili mtoto asichanganyikiwe. Siwaungi mkono. Tunaimba kwanza kwa solfa, tunapiga kwa sikio, halafu karatasi inakuja mwisho kumwonyesha kitu ambacho vidole vimeshakijua.

Saa 6:30 mchana

Wali maharage, na parachichi kwa aliyekuja nalo. Mtoto anayepiga selo, ile ndugu kubwa ya violini inayopigwa umekaa, hajala asubuhi, naona kwa jinsi anavyosonga mbele kwenye foleni. Hatuulizi, tunampakulia cha kutosha.

Saa 8:00 mchana

Mazoezi ya wote. Hatuna obo, ala ya kupuliza ambayo okestra hulinganishia nayo sauti, kwa hiyo noti ya A ya kulinganishia tunaipata kwenye klarineti. Klarineti hizi za vijana ni za plastiki, na hapo huwa nacheka kidogo. Zile za wakubwa wa dunia huchongwa kwa mpingo, mti wetu wa taifa, mti mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Hapa hapa Moshi, mwaka 1996, Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea, na James Harris wa Marekani walianzisha mradi wa kuupanda upya. Gogo linaondoka nchini na kurudi likiwa klarineti yenye bei kuliko pikipiki mpya, nasi tunapuliza plastiki.

Ugomvi wetu wa kudumu ni wa ufunguo wa nyimbo, yaani do ikae kwenye noti gani. Watoto wa violini wanataka do iwe D, kwa sababu vidole vinakaa vizuri na nyuzi zilizo wazi zinasaidia. Wazee wa tarumbeta kwao D ni mateso, maana ina shapu, alama za kupandisha noti. Wao wamezoea flati, alama za kushusha, kama ilivyo kwenye vitabu vya matarumbeta ya Kilutheri. Utamaduni huo una mizizi ya Kijerumani, na Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, kwa hiyo wazee wanauzungumzia kama mtu anavyozungumzia kihamba (shamba la ukoo) cha babu yake. Nyimbo za wote tumezipanga kwenye F. Mzee wa tromboni anatabasamu, na watoto wanarudisha kidole cha kwanza nyuma kuitafuta B flati, wengine huku wametoa ulimi.

Kitu ninachokilinda kuliko vyote ni jinsi ya kukaa. Simweki kijana na kijana mwenzake. Kila stendi ya nota ina mtu mzima mmoja na kijana mmoja. Leo nilikuwa nyuma ya binti wa kidato cha pili aliyekaa na nesi. Kwenye kipimo cha kumi na mbili cha wimbo binti alipotea, akashusha violini. Nesi hakuacha kupiga. Alinyoosha ncha ya upinde kwenye karatasi, akagusa mwanzo wa mstari unaofuata, na walipofika hapo akaitikia kwa kichwa. Binti akaingia. Wakati wa mapumziko nesi akachukua penseli, akaweka alama za upinde juu na chini kwenye zile noti zilizomshinda, kisha akamwambia, "Ukipotea usishushe mikono, mdogo wangu. Hata mimi napotea. Angalia ncha ya upinde wangu."

Mimi ningeweza kumweleza jambo hilo darasani mwezi mzima asielewe. Mwalimu anapokosea mbele ya mtoto mara nyingi huficha. Mtu mzima wa stendi moja hana pa kuficha, na mtoto anaona kwamba kupotea na kurudi ni sehemu ya kazi. Ndiyo sababu sipendi wazo, ambalo hutolewa kila mwaka, la kutenga okestra ya vijana peke yao ili wapendeze kwenye picha.

Saa 10:30 jioni

Wazazi. Baba mmoja ananivuta pembeni. "Mwalimu, na hii violini itampeleka wapi?" Namjibu ninachokijua. Chuo kikuu cha Makumira, pale Usa River, wanatoa shahada ya muziki. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa, TaSUBa. Polisi na jeshi wana bendi zao. Nafasi si nyingi, na sitamdanganya kwamba kila anayepiga selo atakula kwa selo. Ila pia namkumbusha kwamba mhasibu wetu alikuwa mtoto wa matarumbeta, na bado ni mhasibu. Anatikisa kichwa. Anauliza kama mazoezi ya Novemba, kwenye mitihani, yanaweza kupungua. Yanaweza.

Saa 12:00 jioni

Kurudisha ala, kuhesabu, kupanga usafiri. Violini haipandi bodaboda bila boksi gumu, hiyo ni sheria. Selo na daladala ni hadithi nyingine: konda wa Kiboriloni anataka nauli ya watu wawili. Nampa, kwa kuwa siti mbili kweli imekaa.

Saa 2:15 usiku

Hesabu. Ada ya vijana ni ndogo na wengine hawalipi, wala hatuwafukuzi. Nyuzi zinalipwa na harusi. Watu wanapenda bibi harusi aingie ukumbini kwa violini siku hizi, nasi hatujivuni. Wakubwa na vijana wakiiva huenda pamoja, fedha inaingia kwenye mfuko wa stoo.

MC wa send-off ya wiki ijayo akapiga simu.

"Mwalimu, ule muziki wenu utakuja na flashi au nitaupakua?"

"Tunakuja wenyewe, kaka. Watu kumi na wawili, na ala zao."

"Ahaa, laivu! Sasa mnahitaji nini? Spika, maiki?"

"Viti kumi na viwili, visivyo na mikono."

Kimya kidogo. "Visivyo na mikono? Ukumbi una vile vya plastiki vya kuegemea tu."

"Kaka, upinde unagonga mkono wa kiti, na selo haikai kabisa. Hata mabenchi ya shule yanatosha."

Anasema atauliza shule ya jirani. Nimemwambia nitampigia Jumanne, na kama mabenchi yatakosekana, fundi umeme wetu ana kirikuu cha kubebea ya kwetu.