Hewa Haijazi Fomu

Saa moja kasoro robo asubuhi tulikuwa tumekwama Buhongwa nyuma ya daladala tatu, na dirishani mwa Noah yetu umechomoza mpira mwembamba kama wa dripu. Kondakta mmoja akauinamia, akauliza kama tumebeba mgonjwa.

"Tunapima hewa," binti akamjibu.

"Ya hapa bure, dada. Pima mpaka uchoke."

Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, boksi la barafu lenye chanjo mapajani. Ni bwana mifugo wa kata moja ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema. Nilikuja mjini kufuata chanjo ya chambavu, ugonjwa wa ng'ombe, nikasikia binti huyu, mwanafunzi wa uzamili, anatafuta mwenyeji wa kumfikisha kwa wafugaji. Yeye akapata mwenyeji, mimi nikapata lifti.

Mashine yenyewe ni sanduku la ukubwa wa betri ya lori. Hewa inaingia kwa ule mpira, ndani yake mwale wa leza unarukaruka kati ya vioo, na methani, moja ya gesi zinazoipasha dunia joto, ikiwamo inameza sehemu ya mwanga. Kilichomezwa ndicho kinachosomwa. Kwenye kompyuta tarakimu ilibadilika kila sekunde: chembe ngapi za methani katika kila chembe bilioni moja za hewa. Wastani wa dunia kwa sasa umepita 1,900. Kabla ya viwanda, miaka ya 1750 huko, ilikuwa kama 720, na hilo linajulikana kwa hewa ya kale iliyonaswa kwenye viputo ndani ya barafu ya Greenland na Antaktika. Pale Buhongwa tulikuwa juu ya 2,000. Nikazilaumu daladala.

"Siyo hizo," akasema. "Usiku hewa inalala chini. Kila kinachotoka ardhini, chooni, jalalani, zizini, kinabaki hapo hapo kama moshi kwenye nyumba isiyo na dirisha. Subiri jua lipande." Ndiyo maana, akanieleza, vipimo vya alasiri ndivyo wanavyoviamini zaidi. Mwanasayansi Charles Keeling alipoanzisha vipimo vya kudumu vya hewa ya ukaa mwaka 1958 aliiweka mashine mlimani Mauna Loa, Hawaii, katikati ya bahari, kuikimbia hewa ya majirani. Huku kwetu kuna kituo Mlima Kenya na kingine Mlima Mugogo kule Rwanda. Kati yao na sisi ni eneo kubwa ambalo hakuna anayelisikiliza.

Tukapita Usagara, tukaingia Kigongo. Daraja la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025 unalivuka kabla wimbo wa redio haujaisha, na mimi wa enzi za kivuko bado nalishangaa. Siku zile nilibeba barafu ya akiba, maana foleni haikuwa na ahadi. Lakini nakiri nawakumbuka akina mama wa sato wa kukaanga. Katikati ya daraja, maji pande zote, tarakimu ikashuka taratibu, ikatulia 1,900 na ushee.

Hapo ndipo binti aliponiuliza kazi yangu hasa ni nini, nami nikamwambia kwa utani kwamba ni kujaza fomu za idadi ya mifugo. Akageuka mzima mzima. Kumbe fomu zangu anazijua kuliko mimi.

Nchi inapotaka kujua inatoa methani kiasi gani, njia ya kwanza ni ya karatasi. Unachukua idadi ya ng'ombe, unazidisha kwa kiwango kilichokubaliwa. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2006 unampa ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa kilo 31 kwa mwaka, anazozicheua tumboni na kuzitoa zaidi kwa mdomo. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Zidisha: inakaribia tani milioni 1. Njia ya pili haimuulizi mtu. Unapima hewa sehemu kadhaa, unaangalia upepo ulitoka wapi saa zile, unairudisha nyuma kwa kompyuta mpaka kwenye chanzo, halafu unalinganisha na ile ya karatasi.

"Zikipishana?"

"Ndipo kazi inapoanza."

Nikanyamaza. Kumuuliza Msukuma ana ng'ombe wangapi ni kama kumuuliza mtu ana shilingi ngapi benki. Nimefanya kazi hii miaka tisa, najua tarakimu zangu zinavyozaliwa. Unafika bomani, unapewa kiti na maziwa ya mgando, mnaongea mvua, mnaongea majosho, kisha unataja ile habari na mwenye mji anatazama mbali. Atakutajia namba fulani ya heshima. Wewe nawe unaiandika.

Mwaloni mzee mwenye mtumbwi alikuwa anatusubiri, suruali imekunjwa magotini. "Mwangaluka," nikamsalimu, binti akafuata na shikamoo yake. Maji yalikuwa bado yamesogea. Mzee alituonyesha mwembe uliokufa umesimama ziwani, ambao zamani wavuvi walikuwa wakianika nyavu chini yake. Ziwa lilipanda vibaya mwaka 2020, likapanda tena 2024. Binti alisema maji haya haya yakitoka Jinja yanateremka na Nile hadi kinamasi cha Sudd, Sudan Kusini, na kwamba satelaiti ya Wajapani, GOSAT, iliyorushwa Januari 2009, iliona methani ikiongezeka juu ya kinamasi kile kadiri kilivyotanuka. Mzee alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama satelaiti hiyo inaona na nyavu haramu.

Ndani ya mafunjo hakuna upepo. Mtumbwi unapita kwenye kichochoro cha maji meusi, mashina yanakugusa mabega, na harufu ni ya yai lililosahauliwa. Binti akatoa ndoo ya plastiki iliyokatwa, akaigeuza kifudifudi juu ya maji. Ukingoni imezungushiwa vipande vya ndala, vile vile wavuvi wanavyofanyia maboya. Juu ina tundu lenye mpira. Kila baada ya dakika kumi anavuta hewa ya ndani kwa bomba la sindano, anaidunga kwenye kichupa cha kioo chenye kizibo cha mpira. Vichupa nikavitambua: ni ndugu wa vya chanjo zangu. Kwa nusu saa nikawa msaidizi, naandika namba kwenye plasta na kuibandika. Methani ikipanda sawasawa toka kichupa cha kwanza hadi cha nne, kipimo ni kizuri.

Cha tatu kiliharibika. Mtumbwi uliteleza, mzee akachomeka pondo kuuzuia, na kutoka topeni yakabubujika mapovu makubwa, mengine yakaingia moja kwa moja chini ya ndoo.

"Babu, jamani!"

"Ziwa limejamba, mjukuu wangu. Mimi nimefanyaje?"

Tulicheka mpaka mtumbwi ukayumba, ikabidi kuanza upya. Lakini binti hakuyaacha mapovu yaende bure. Akaomba pondo ichokoe tena, akayakinga kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, imejazwa maji na kuzamishwa kifudifudi, kifuniko juu. Ilipojaa gesi akafungua kifuniko na kuwasha kiberiti. Ukatoka mwali mfupi wa buluu, hauna moshi, ukazimika. Akasema mwaka 1776 Muitaliano Alessandro Volta alifanya hivyo hivyo, alichokoa tope la Ziwa Maggiore kwa fimbo na kukusanya kilichotoka. Mzee akaitazama pondo yake kwa jicho jipya.

Saa tisa tulikuwa nchi kavu, sanduku juu ya boneti, mpira umefungwa kwenye mti. Upepo ulikuwa unatoka ziwani kama kawaida ya alasiri. Binti akatuhamisha upande wa chini wa njia ya ng'ombe, ili upepo uwapitie wao kabla ya kutufikia sisi.

Kundi likateremka kunywa. Lilikuwa la mji ninaoujua. Kwenye daftari langu ni ng'ombe 45. Vumbi kwanza, kisha kengele, kisha migongo. Tarakimu ikaanza kuruka: 1,950, 2,100, fahali mmoja akapita karibu akatoa pumzi ndefu, ikagonga 3,000 na kurudi. Mimi sikuwa naangalia kompyuta tena. Nilihesabu kwa kidole ndani ya mfuko, kwa sababu kumhesabia mtu ng'ombe wake waziwazi ni utovu wa adabu. Nilipofika 70 nikaacha. Ndama walikuwa bado wanatokeza vichakani.

"Mashine inasema wangapi?" nikamuuliza binti kwa sauti ya chini.

"Haiwezi kusema. Siku moja haitoshi. Na yale mafunjo ya ziwani yanatoa gesi hiyo hiyo." Akaongeza kwamba kaboni ya methani ina nyepesi na nzito, na kwa kuzipima unaweza kutenga moshi wa kuni na vijidudu. Ila ng'ombe na kinamasi wote ni kazi ya vijidudu, wanafanana kama mapacha. Kuwatenganisha kunataka upepo wa miezi mingi na vituo vingi. Nilifarijika, kisha nikaona aibu kwamba nimefarijika.

Mwenye kundi akaja na fimbo yake mabegani. Tukasalimiana, akauliza chanjo imefika, nikamwambia imefika. Akauliza za ngapi. Nikasema nimechukua za 45. Akakuna kichwa, akatazama ziwa.

"Bwana mifugo, ungeongeza kidogo."

"Kidogo kiasi gani, baba?"

"Wewe leta boksi zima."

Jumatatu fomu ya robo mwaka ilikuwa mezani. Nilipofika kwenye mji ule nikampigia simu. Nikamwamkia, nikamweleza vizuri: siyo kodi, siyo mnada, ni idadi tu, tena ya kweli, nchi inaitaka. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu nikamsikia anacheka, na nyuma yake kengele.

"Andika ya mwaka jana, mwanangu."