Kifuniko cha Ndani: Nilivyojenga Mkusanyiko Wangu wa Saa Zinazohimili Sumaku

Saa nyingi za mkono za miaka ya 1950 zimeandikwa Antimagnetic, yaani yenye kuhimili sumaku, usoni, kwa herufi ndogo chini ya jina la kiwanda. Nilipoanza kukusanya saa kongwe za aina hii niliamua mapema kwamba neno hilo peke yake halinitoshi. Nilitaka kujua ndani mna nini kinachoikinga saa, nikione kwa macho, ndipo nitoe pesa. Uamuzi huo ndio uliopanga mkusanyiko wangu wote. Wanaoanza huniuliza wanunue saa ya kiwanda gani. Mimi huwarudisha nyuma kidogo na kuwauliza, hiyo unayoitaka imekingwaje?

Moyo wa saa ya kujaza, isiyotumia betri, ni gurudumu la mizani na springi yake nyembamba kama unywele, iliyojiviringa mizunguko iliyokaribiana bila kugusana. Ikishika usumaku, mizunguko ile hunatana. Urefu wa springi unaofanya kazi hupungua, gurudumu huenda na kurudi upesi kuliko inavyopasa, na saa hukimbia, mara dakika chache kwa siku, mara zaidi sana. Mwenye saa huipeleka kwa fundi, ikafunguliwa, ikasafishwa, ikatiwa mafuta, na ikarudi ikiwa inakimbia vilevile, kwa kuwa hakuna aliyeipitisha karibu na dira aone kwamba imeshika usumaku.

Njia ya kwanza ya kupambana na tatizo hili ilikuwa kubadilisha madini yenyewe. Charles Édouard Guillaume, Mswisi aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920, alichunguza michanganyiko ya chuma na nikeli, na kazi yake ikafungua njia ya springi zisizoyumbishwa sana na joto wala sumaku. Tissot wakaanza kuuza saa ya mkono ya kuhimili sumaku mwaka 1930. Baadaye springi za Nivarox, mchanganyiko wa chuma na nikeli, zikaenea karibu kila mahali. Hapo ndipo neno lile lilipojaa kwenye nyuso za saa: mara nyingi lina maana kwamba springi na mizani ni za mchanganyiko wa kisasa, basi. Si uongo, na saa hizo nazipenda, zimenifunza kazi. Lakini hata Nivarox ina chuma ndani yake, na ikikutana na sumaku kali hushikwa.

Njia ya pili ndiyo iliyoniteka: kuifungia mashine ya saa ndani ya ganda la chuma laini. Nasema chuma laini kwa maana ya wanafizikia, chuma safi ambacho hupitisha nguvu za sumaku kwa urahisi na hakizihifadhi. Uga wa sumaku ukija, hufuata ganda, ukaizunguka mashine na kutokea upande wa pili. Ganda lina sehemu tatu: uso wa saa wenyewe, pete inayoizunguka mashine, na kifuniko cha ndani kinachokaa chini ya kifuniko cha nyuma tunachokiona. Ikikosekana moja, ukinzaji huporomoka.

Saa zilizojengwa hivi katika kipindi ninachokipenda si nyingi, na kila moja ina sababu yake ya kuzaliwa. Mark 11 ilitengenezwa na viwanda vya Uswisi vya IWC na Jaeger-LeCoultre mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya waongozaji wa ndege za jeshi la anga la Uingereza. IWC wakaleta Ingenieur mwaka 1955 kwa raia, na inajijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono. Rolex wakafuata na Milgauss, ya kuhimili gausi 1,000 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku), wakiwalenga wanasayansi wanaofanya kazi kando ya mitambo yenye sumaku kali. Omega wakatoa Railmaster mwaka 1957. Mwaka 1958, wakati wa Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia (utafiti wa sayari ya Dunia), Jaeger-LeCoultre wakatoa Geophysic. Kiwango cha kawaida cha kimataifa, ISO 764, huitaka saa ihimili ampea 4,800 kwa mita, yaani gausi 60 hivi. Ukilinganisha na gausi 1,000 za Milgauss, unaona hawa walikuwa wanacheza ligi nyingine kabisa.

Mimi nilichagua Ingenieur ya kwanza, ile yenye nambari 666. Wengi huiweka Milgauss juu kwa sababu ya umaarufu na mshale wake wa sekunde uliopindwa kama radi. Kwangu Ingenieur ndiyo saa bora zaidi ya kundi hili: ndani yake mna mfumo wa kujijaza uliobuniwa na Albert Pellaton, unaovuta springi kuu kila uzito wa ndani unapozunguka kwa mwendo wa mkono, kulia au kushoto, na wameubana wote ndani ya ganda la chuma bila kuifanya saa iwe kama tofali mkononi.

Niliyoipata ilikuwa na uso safi na kasha ambalo halijasuguliwa hovyo, ila kifuniko cha ndani hakikuwapo. Muuzaji alinieleza wazi na bei ilizingatia hilo. Hali hii ni ya kawaida: fundi wa zamani hufungua saa, haoni umuhimu wa bati lile la kijivu, analiweka pembeni, na saa inafungwa bila yake.

Fundi mmoja alijitolea kunichongea kifuniko kipya kwa chuma cha kawaida. Alikuwa na nia njema na mikono mizuri, lakini nilikataa. Chuma kigumu cha kawaida kikipata usumaku hukaa nao. Ningekuwa nimeiwekea mashine sumaku ya kudumu mgongoni, jambo baya kuliko kutokuwa na kifuniko. Hata chuma kinachofaa, baada ya kuchongwa, huhitaji kupashwa moto na kupozwa polepole ili kirudie ulaini wake.

Kwa hiyo nilitafuta kifuniko cha asili. Nilianza kuwaandikia watu wanaouza saa mbovu na vipuri, si wauzaji wa saa nzima, nikiomba picha moja tu: kasha likiwa wazi upande wa nyuma. Wengi hawakujibu. Hatimaye nilipata saa iliyoingia maji, mashine imeoza isitazamike, lakini kifuniko cha ndani kilikuwa kimebaki na kutu ya juujuu tu ukingoni. Nilikinunua pamoja na mabaki yake. Kutu ikaondolewa kwa mkono, kwa mafuta na kijiti laini cha mti, bila kupunguza unene wa chuma.

Kipimo changu ni dira ndogo ya bei rahisi, na nadhani kila mkusanyaji wa saa hizi anapaswa kuwa nayo. Weka dira mezani mpaka sindano itulie, kisha sogeza saa polepole kutoka pembeni. Kasha la chuma kisichoshika kutu huiacha sindano karibu ilivyo. Ganda la chuma laini huivuta, na huvuta ncha zote mbili, ya kaskazini na ya kusini, bila ubaguzi. Ncha moja ikivutwa na nyingine ikasukumwa, una kitu kilichogeuka sumaku. Kabla ya kuweka kifuniko, Ingenieur yangu iliivuta sindano kwa upande wa uso, lakini mgongoni sindano ilijongea kidogo tu. Baada ya kukiweka, sindano ilikimbilia mgongo wa saa kabla sijaifikisha karibu. Nilirudia jaribio lile tena na tena kwa furaha tupu.

Kuna jambo moja ambalo sikuliona likielezwa vya kutosha. Kifaa cha kuondoa usumaku ni koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, yenye mkondo geu wa umeme. Unaweka saa, unabonyeza, unaivuta taratibu hadi mbali, ndipo unaachia. Kwa saa ya kawaida ni kazi ya sekunde chache. Kwa saa yenye ganda, ganda lile lile linalozuia sumaku isiingie huzuia pia uga wa koili usiifikie springi. Unaweza kubonyeza kutwa, mashine ikabaki vilevile. Na dira nayo haikusaidii, kwa kuwa inaliona ganda kwanza. Hivyo saa ya namna hii ikianza kukimbia, mwambie fundi atoe mashine nje ya ganda kabla ya kuipitisha kwenye koili. Mimi huthibitisha kwa programu ya simu inayosikiliza mapigo ya saa, kabla na baada, simu ikiwa mbali kidogo na kipaza sauti cha waya kikigusa kasha, maana spika ya simu yenyewe ina sumaku.

Hatari za leo ziko kila mahali: vifuniko vya tableti, vifungo vya mikoba, spika, majiko ya indaksheni. Nguvu ya sumaku hushuka haraka kadiri unavyosogea mbali, kwa hiyo umbali wa shubiri moja huokoa mengi. Saa zangu zenye springi ya Nivarox bila ganda hulala kwenye droo isiyo na kitu kingine.

Zenye ganda adui yao mkubwa ni unyevu. Chuma laini hushika kutu, na kutu ikianza ukingoni mwa kifuniko, unga wake hushuka kwenye mashine. Kwa sababu hiyo hubadilisha mpira wa kuzuia maji kila saa inapofunguliwa, hata kama ule wa zamani unaonekana mzima, na sizivai kwenye maji, haidhuru kiwanda kiliahidi nini miaka sabini iliyopita. Nyuso zenye rangi ya radiamu, madini yenye mionzi, ya kung'aa gizani siruhusu mtu azikwangue wala kuzisafisha, kwani vumbi lake likivutwa puani lina madhara. Sasa naitafuta Geophysic, na nimeshaanza kuwaandikia wauza mabaki.