Kiingereza cha kuombea maji

Leo nimekaa na neno "rudimentary". Wengi tunalitafsiri "-a msingi" kisha tunasonga mbele, na hapo ndipo tunapopotea. Mahitaji ya msingi ni chakula, maji na malazi. Ukiandika "rudimentary needs", Mwingereza hakuelewi. Kilicho cha msingi kinajengewa juu. "Rudimentary" halisemi kitu kina umuhimu gani, linasema kimefika wapi: hakijafika mbali.

Kipimo chenyewe tunacho siku zote. Mgeni anasalimia, anauliza bei, anaomba maji. Muulize jana alishindaje, kimya. Hicho ni Kiswahili cha kuombea maji, na ndicho "rudimentary Swahili" hasa. Sioni tafsiri inayoipiku hiyo.

Mzizi ni Kilatini, "rudis": ghafi, kisichochongwa. Humo humo limetoka "rude", na pia "erudite", yaani aliyetolewa kwenye ughafi kwa kusoma.

Linakaa vizuri na maarifa, zana na huduma. Zahanati yenye kitanda kimoja na mizani ya watoto, bila umeme wala maji ya bomba, ina "rudimentary facilities". Hapo "duni" inatosha. Kwa mtu halikai. Mwanafunzi anayeanza ni "beginner", si "rudimentary student". Na kwenye CV liogope: ukiandika "rudimentary knowledge of Excel" kwa unyenyekevu, mwajiri anasoma kwamba unajua kufungua faili na kuandika majina, jumla unapiga kwa kikokotoo. Andika "basic". "Primitive", neno linalokaribiana nalo, liache kabisa unapozungumzia watu, ni tusi.

Kwenye biolojia neno linageuka. Mwanabiolojia Mwingereza Charles Darwin, katika kitabu chake On the Origin of Species (1859), aliviita "rudimentary" viungo vilivyodumaa, kwa mfano chuchu za mamalia dume. Akavifananisha na herufi zilizobaki kwenye tahajia ya neno ingawa hazitamkwi tena, lakini zinasaidia kufuatilia asili yake. (Mimi hukumbuka ile k ya "knife".) Kwa hiyo kwa Darwin si kitu kinachoanza, ni kilichonywea. Ukikutana na neno hili kwenye maelezo ya viungo vya namna hiyo, "duni" haifai, sema "kilichodumaa".

Matamshi: mkazo uko kwenye "men", ru-di-MEN-ta-ri. Ulimi wetu umezoea silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo unakimbilia "ta".