Mbao Zilizovaa na Mbao Zilizokunywa

Fundi wangu wa kupaua si mtu wa maneno mengi. Alizunguka boma langu la Chanika mara moja, akachana karatasi kwenye daftari la mwanangu, akaandika: mbili kwa nne 120, mbili kwa mbili 150, fishabodi 16. Chini akapigia mstari: ZOTE ZA DAWA. Nilipita na karatasi ile kwenye maghala matatu ya Dar es Salaam, na la tatu nilitoka bila kuaga. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kununua hata ubao wa kuzibia banda la kuku, ndiye aliyenijaza maneno: "Si uende Mafinga mwenyewe? Kule mbao zinaokotwa."

Haziokotwi. Hilo niliseme mapema.

Basi liliondoka Mbezi saa 12 asubuhi. Morogoro, Mikumi, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vinavyosukumizwa dirishani mpaka unanunua usichokihitaji, hayo mnayajua. Kwenye mlima wa Kitonga lori lilikuwa limezimika kwenye kona. Tukakaa saa mbili na nusu tunatazama bonde, na chupa ya maji ya 600 ikawa ya 1,500. Mafinga tuliingia saa 3 usiku. Ilikuwa Julai. Nilikuwa na shati la mikono mifupi, na nilipokanyaga stendi nikadhani homa imenipanda. Gesti 25,000 na blanketi moja. Blanketi la pili 2,000, ndoo ya maji ya moto 1,000. Nililala na soksi, taulo nimelifunga kichwani.

Asubuhi, chai haijafika nusu, dalali keshanipata. Kijana msafi, kofia ya sufu, ananiamkia "Shikamoo mzee" na mimi nina miaka 44. Nilipaswa kushtuka hapo hapo. Badala yake nikafurahi. Aliisoma karatasi ya fundi kama aliyeiandika yeye, akanipakia bodaboda mpaka uwanja mmoja nyuma ya barabara kuu, na hapo nikaona mbao. Zimepangwa kuzidi kimo changu, kijani kibichi, zinang'aa. Mbili kwa nne alizitaja kwa bei iliyopungua karibu 3,000 kila moja kuliko ya Dar. Nikabishana naye kwa ajili ya heshima tu, akapunguza tena 300. Nikatoa malipo ya awali, 600,000, taslimu, kwa sababu mtandao ulikuwa "unasumbua". Tungepakia kesho yake. Jioni nilimpigia shemeji kumsifu.

Kesho yake sikumngoja dalali. Niliamka alfajiri nikaenda kutazama mali yangu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini, ule wa Mufindi unaolowesha nguo bila mvua kunyesha. Nikaweka kiganja kwenye lundo nianze kuhesabu. Nilipokitoa kilikuwa kijani. Nikakifuta kwenye suruali, suruali nayo ikawa kijani. Hapo ndipo nikatazama chini: kila lundo lilikuwa linadondosha matone ya rangi kwenye udongo, na pale maji yalipopita juu ya mbao pamebaki michirizi myeupe, kama uso wa mtoto aliyepakwa masizi kisha akalia.

Nikapiga simu. Namba haipatikani. Nikapiga tena, na tena, mpaka mlinzi akatoka kibandani amejiviringisha blanketi. "Mimi nalinda tu, kaka," akasema. "Mbao si zangu, rangi si yangu."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na ghala lingine, kubwa, bati limechoka, bila jina la maana ukutani. Nilivuka kwa sababu nilihitaji pa kukaa. Dada mmoja wa makamo alikuwa pale na kikokotoo, kanga juu ya koti zito, anahesabia lori mbao. Alitazama mkono wangu akacheka, wala hakujificha.

"Umenunua ngapi?"

Nikamwambia. Akaacha kucheka. Alimtuma kijana akachukue kipande kule kwenye lundo langu, na cha ajabu mlinzi hakusema kitu. Wakakikata kwa msumeno mbele yangu. Nje kijani, ndani cheupe kama muhogo uliomenywa. Kijani chenyewe hakikufika hata unene wa ukucha.

"Hii imevaa," akasema. "Haijanywa."

Akachukua ya kwake, akakata. Ya kwake rangi ilikuwa imepita mpaka ndani, ikaacha kiini kidogo tu cha manjano katikati, maana moyo wa mti haunywi dawa hata uulazimishe. Akanieleza wanavyofanya: mbao zikishakauka zinaingizwa kwenye tangi refu la chuma, mfano wa lori la mafuta. Wanafunga mlango, wananyonya hewa yote, kisha dawa inasukumwa kwa mgandamizo mkubwa. Ukijani ni wa shaba iliyomo. Imo pia kromiamu, na imo aseniki, ambayo ni sumu. "Masalia ya mbao zangu usimpe mkeo akapikie," akaniambia. "Wewe za jana kapikie ukitaka, ile ni rangi tu." Fundi wangu alikuwa ameandika maneno mawili, za dawa, na mimi niliyasoma kama jina la rangi.

Nilikaa ghalani pale siku nzima. Kwanza nilikuwa nasubiri namba ile ipatikane. Baadaye nilisahau kusubiri, kwa sababu ya mzee.

Alikuwa amekaa kwenye jua nje ya ukuta, juu ya banzi, fimbo katikati ya magoti. "Kamwene," akanisalimu Kihehe, nikaitika "Marahaba," wakacheka wote mpaka vijana wa kupakia. Ni baba wa yule dada, na ghala watu wanaliita kwa Mzee. Katikati ya miaka ya 1970, akiwa kijana, alitoka kijijini kwao Mufindi akaajiriwa kibarua cha kupanda miti shamba la serikali la Sao Hill. Miti ya majaribio ilianza kupandwa huko tangu 1939, lakini upandaji mkubwa ulikuja wakati wake, kiwanda cha karatasi cha Mgololo kikiwa njiani. Leo shamba lile ni hekta zaidi ya 130,000, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali. Yeye alikuwa mtu wa kamba: wawili wanaivuta, ina mafundo, kila fundo mche mmoja wa msindano. "Siku nzima umeinama," alisema. "Ukinyooka jioni unasikia mifupa inahesabiana."

Baadaye yeye na kaka yake wakaanza kupasua mbao kwa msumeno wa watu wawili. Gogo linapandishwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu yake, mwingine anaingia chini. Kaka alikuwa mkubwa, kwa hiyo alisimama juu. Mzee alikula unga wa mbao miaka tisa, na jicho lake la kushoto linatoa machozi mpaka leo. Msumeno wenyewe umetundikwa ghalani juu ya meza ya hesabu, meno yametafunwa, mshikio wa chini umelainika kuliko wa juu. Nikaushika. Nilitegemea uzito, haukuwa mzito, ila ulikuwa mrefu kuniliko.

"Lakini mbao za kwanza za ghala hili hazikuwa zangu," akasema mzee.

"Sema tena, wageni wasikie," sauti ya bibi, mkewe, ikatoka ndani.

Bibi alikuwa anauza mabanzi, yale maganda ya gogo ambayo wapasuaji waliyaacha porini. Alikuwa anayabeba kichwani kuwauzia wachoma tofali na mama ntilie, fedha anaiweka kwenye kopo. Wapasuaji wakilipwa wanakunywa, bibi anajaza kopo. Siku mzee alipoishiwa hata mafuta ya kulainishia msumeno, bibi ndiye aliyemnunulia mbao zake mwenyewe, 40, akazipanga nyuma ya nyumba akasubiri bei ipande. Ilipanda. Kwa hiyo mteja wa kwanza wa jumla wa mzee ni mkewe, na nasikia alimlalia bei.

Mwaka 2001 mzee akapata kibali chake cha kwanza cha kuvuna. Wakati huo vibali vilitafutwa kama mkate wa mgawo. Kitalu alichopewa alikijua. Alikipanda. Miti aliyoifukia miche kwa mshahara wa serikali, aliinunua kwa serikali hiyohiyo baada ya miaka zaidi ya 25. Nikamuuliza alijisikiaje siku msindano wa kwanza ulipoanguka, nikitegemea neno zito.

"Nilijisikia lori limechelewa," akasema.

Kaka yake alipofariki, watoto wa marehemu walikuja wakitaka malundo yagawanywe, haki yao. Bibi hakukataa. Aliwakalisha kwenye mkeka, akaleta kaunta buku saba, akasema mgawanyo uanze na madeni. Wakafungua. Dodoma, Morogoro, Dar, mafundi na wenye maduka waliokopa mbao tangu enzi hizo, wengine wamekatwa mstari, wengi bado. Mali ya ukoo haikuwa kwenye malundo, ilikuwa kwenye mapaa ya watu. Vijana wale wakakubali kazi badala ya urithi. Mmoja ndiye anayeendesha dingdong yao, mashine ile ya dizeli inayopiga kelele mpaka usiku na misumeno yake minene inayogeuza sehemu kubwa ya gogo kuwa unga. Yule dada anaidharau waziwazi, anataka wanunue msumeno wa mkanda, mwembamba. Mzee anasema dingdong ndiyo iliyomsomesha huyo anayeidharau.

Walinipa buku moja nipitishe muda. Ukurasa mmoja wa 1996 umeandikwa kwa kalamu nyekundu: Fundi Keko, 2x6, 30, bado. Hakuna jina.

Baba yangu alikuwa fundi seremala Keko, Dar es Salaam. Alitengeneza makabati na vitanda hadi mgongo ulipokataa, na alikuwa na mazoea ya kunusa ubao kabla ya kuukata, akisema, "Huu wa Iringa." Alikufa 2009 na nyumba yetu ya Temeke haikuwa na dari. Mafundi wa Keko mwaka ule walikuwa mamia, na sikumuuliza mtu kitu. Ila nilikaa na ukurasa ule mpaka dada akaja kuniuliza kama ninalala hapo.

Msidhani nilipewa zawadi. Bei ya jumla inaanzia mbao 500. Zangu 286 akazipiga bei ya rejareja, ghali kuliko za yule kijana, na hakuondoa hata shilingi. Mke wangu akakopa kikoba. Dada alinichagulia mwenyewe, akizitupa pembeni zile zilizoanza kujikunja. Ni za miti ya mashamba ya watu binafsi, alisema, inakatwa na miaka 8 au 10. "Wanavuna watoto, kisha wanashangaa paa linacheza." Mbao zilizopevuka alikuwa amezitenga kwa malori ya Kenya yaliyopanga foleni nje, na hizo hakuniruhusu hata kuzigusa kwa mkono wangu wa kijani.

Mzigo wangu uliungwa juu ya semi inayokuja Dar, na karatasi zake za maliasili, na sehemu yangu ya nauli iliyoniuma kuliko nauli ya basi mara sita. Ukijumlisha gesti, blanketi, ndoo na zile 600,000, kila ubao umenigharimu zaidi ya lile ghala la tatu nililotoka bila kuaga. Kiganja kilitakata siku ya nne.

Semi ilifika Chanika saa 8 usiku. Nilishusha na vijana wa mtaa kwa tochi za simu, fundi anahesabu kwa sauti. Mbili kwa nne zikatimia. Fishabodi zikatimia. Mbili kwa mbili zikaishia 149. Dereva akasema moja alikatia vigingi vya kubania turubai pale Kitonga, na kwamba kama naitaka, vipande vyake vipo.

Nikavichukua. Fundi akageuza kimoja kwenye mwanga wa simu, akatazama kwenye mkato, akasema hiki ni cha dawa kweli.